Kanda za Rahaleo, redio za leo: tunajibu maswali ya wasomaji

Barua za toleo hili karibu zote ni za redio, za leo na za zama za Rahaleo, mtaa wa Unguja zilikokuwa studio za redio ya Zanzibar. Tumechagua zile ambazo majibu yake msomaji anaweza kuyafanyia kazi mwenyewe, nyumbani au kwa fundi wa mtaani. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao.

Assalaam alaykum wahariri. Marehemu baba ametuachia sanduku zima la kanda alizorekodi kutoka Sauti ya Tanzania Zanzibar miaka ya themanini: taarab, michezo ya kuigiza, salamu za Sikukuu. Nyingine zimeota ukungu mweupe, nyingine zinapiga mlio mkali zikizunguka, na moja sauti za waimbaji zimekuwa za kitoto. Ndugu zangu wanasema nizitupe. — Msomaji, Wete

Wa alaykum salaam, dada yetu. Usitupe hata moja, na wala usizipige bado.

Zipange kwanza mafungu matatu: zilizo safi, zenye ukungu, na zilizokatika au kukwama. Zenye ukungu zihamishie chumba kingine kabisa. Ukungu ule ni kuvu. Ukipiga kanda moja chafu, vumbi lake hubaki kwenye hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe, na kwenye gurudumu la mpira, na kila kanda safi itakayofuata italichukua. Ndiyo sababu sanduku zima huharibika kwa haraka ya siku moja.

Kanda za ukungu zikaushe kwanza. Zitie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwa wiki moja au mbili. Watu wengi hutumia mchele. Usifanye hivyo, unga wake huingia ndani ya ganda na kukwaruza utepe. Usianike juani pia, kwa kuwa ganda hupinda kwa joto na kanda haizunguki tena. Kazi hii ifanye katika kipupwe, au Januari na Februari kabla ya masika. Mwezi wa Aprili hewa ya Pemba ina maji mengi mno, utakausha leo na kesho unyevu utarudi.

Zikishakauka, vaa barakoa, kaa nje penye upepo, ufungue ganda. Yale yenye skrubu tano yanafunguka kwa bisibisi ndogo ya nyota. Yaliyogandishwa kwa gundi hupasuliwa taratibu kwenye mshono kwa kisu chembamba, kuanzia upande ambao utepe hauonekani. Zungusha utepe kwa mkono, kwa kalamu ya wino, huku ukipita katikati ya kitambaa laini kikavu kisichoacha nyuzi. Kisha uhamishie kwenye ganda la kanda nyingine isiyo na maana kwako, safi, la skrubu. Angalia kile kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa kwenye chuma chembamba cha shaba katikati ya mdomo wa ganda: kazi yake ni kuubana utepe kwenye hedi. Kikidondoka, sauti hufifia upande mmoja kisha hupotea, na wengi hudhani wimbo umefutika.

Spiriti usiitie kwenye utepe. Spiriti ni ya mashine. Tumia ya isopropili isiyopungua asilimia 90, kwa sababu ile ya asilimia 70 ina maji mengi, na pamba ya masikio. Futa hedi na mhimili wa chuma unaovuta utepe kila baada ya kanda moja kama zilikuwa na ukungu, au kila baada ya saa tano sita kama ni safi. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni na ulikaushe, maana spiriti hukausha mpira ukawa mgumu na ukaanza kula utepe.

Mlio mkali aghalabu unatokana na utepe uliokaa miaka bila kuzungushwa. Peleka kanda mbele mpaka mwisho, irudishe nyuma, mara mbili, ndipo uipige. Mlio ukibaki, zile karatasi laini za ndani ya ganda zimechakaa. Ganda jipya linatosha.

Ile ya sauti za kitoto ina sababu yake, na tunaipenda kwa sababu inaponyeka. Baba alirekodi kwa betri zilizokuwa zikiisha. Mota ilipunguza mwendo wakati wa kurekodi, na leo unapoipiga kwa mwendo wa kawaida, ambao ni sentimita 4.76 kwa sekunde, kila kitu kinakwenda mbio. Irekodi kwenye kompyuta kama ilivyo, kisha ushushe kasi na sauti kwa pamoja. Asilimia 6 ni kama nusu sauti ya kinanda. Kupata kipimo sahihi, tafuta nakala nyingine ya wimbo huo huo ulinganishe. Kama hakuna, sikiliza mvumo wa umeme ulioingia kutoka studio: umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo ukionekana kwenye programu uko 53, kanda inakwenda mbele kwa asilimia 6. Angalia mwanzo na mwisho wa upande, kwani betri huchoka kidogo kidogo na kasoro ya dakika ya kwanza siyo ya dakika ya ishirini.

Kuhamishia kwenye kompyuta unahitaji kicheza kanda kizima na waya wa pini ndogo pande zote mbili. Chomeka kwenye tundu la kuingizia sauti ya mashine, si la maikrofoni. La maikrofoni huongeza nguvu mno na sauti inapasuka. Kama kompyuta yako ina la maikrofoni tu, nunua kidude kidogo cha sauti cha kuchomeka pembeni. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, na kilele cha sauti kisivuke desibeli -6. Dakika moja ya njia mbili, yaani stereo, inakula megabaiti 10 hivi, basi kanda ya dakika 60 ni kama 600. Kabla ya kila kanda, sikiliza dakika moja huku ukigeuza kidogo sana ile skrubu iliyo ubavuni mwa hedi mpaka fidla na ganuni, kile kinanda cha nyuzi cha taarab, zing'ae. Hata robo ya mzunguko haifiki. Kila redio kaseti ilirekodi kwa mkao wake wa hedi, na hatua hii ndogo inarudisha zaidi kuliko kichujio chochote cha kompyuta.

Nakala ya kwanza iache ghafi. Kichujio cha kuondoa mvumo na mchakacho, ile "shii" ya kanda, kitumie kwenye nakala ya pili, na kwa mkono mwepesi, maana ncha za ganuni na pumzi ya nai, filimbi ya mwanzi, zinaishi mahali pale pale penye mchakacho, ukisafisha sana vinaondoka pamoja. Mchakacho unaopanda kila mwimbaji anaponyamaza usijisumbue nao: redio kaseti za zamani zilijipandishia sauti zenyewe kila palipokuwa kimya, na jambo hilo limo ndani ya utepe.

Tunakuomba kitu kimoja zaidi. Usikate yaliyomo baina ya nyimbo. Sauti ya mtangazaji, matangazo ya vifo, bei za karafuu, salamu: wimbo wenyewe huenda upo kwa mtu mwingine, lakini jioni ile ya redio ilirekodiwa na baba yako peke yake. Weka nakala tatu, moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nyumba nyingine, kwa ndugu walioko Unguja au Maskati. Na kanda zenyewe zihifadhi zimesimama, mbali na spika na mbali na dirisha la upande wa bahari.

Kwa nini redio zetu za sasa hazipigi wimbo wa taarab mpaka mwisho? Zamani tulikuwa tukisikia bashraf, ule muziki wa ala wa kufungulia, beti zote na vipande vya fidla. Siku hizi ubeti wa pili tu, unaingia muziki mwingine. Hivi vijana wameichukia? — Mzee, Mwembetanga

Babu yetu, hiyo sababu ya vijana ndiyo inayotajwa sana, na kwetu sisi ndiyo dhaifu kuliko zote.

Redio yetu ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja. Baada ya Mapinduzi ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na kwa miaka mingi hapa visiwani ilikuwa ndiyo redio pekee. Ilikuwa ya serikali na haikuishi kwa tangazo la sabuni. Wimbo wa dakika kumi na mbili haukumnyang'anya mtu riziki yake. Sheria ya Tume ya Utangazaji ya mwaka 1997 ilifungua njia ya vituo binafsi, vikaja vituo vya FM kama Zenji, Coconut na Chuchu, na kituo binafsi kinauza kitu kimoja tu: muda. Tangazo la sekunde 30 linahitaji mahali pa kukaa. Saa moja yenye nyimbo za dakika nne ina milango mingi ya kuliingizia. Saa yenye nyimbo za dakika kumi na mbili ina milango minne tu. Bongo fleva na Zenji fleva zilikuja zikiwa tayari zimekatwa kwa kipimo hicho.

Lakini urefu peke yake haujibu swali lako. Taarab ya kisasa ya vinanda, iliyoshika kasi miaka ya 1990 kwa vikundi kama East African Melody, nyimbo zake nazo zinafika dakika kumi na zaidi, na bado ina vipindi vyake na wasikilizaji wake. Tofauti ni kwamba ilitoka kwenye kaseti na baadaye CD, ikanunuliwa dukani, ikanakiliwa kwenye kompyuta, ikafika studio za FM ikiwa faili lenye jina. Taarab ya Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905, na ya Culture Musical Club, cha tangu 1958, sehemu yake kubwa ilirekodiwa kwa redio na kubaki kwenye mikanda mikubwa inayozunguka kwa sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Mashine za kuipiga ni chache, mpira na hedi zake hazipatikani dukani, na mtangazaji wa zamu hana hata moja. Anapiga alichonacho kwenye kompyuta. Mara nyingi alichonacho ni nyimbo ishirini thelathini za zamani zilizonakiliwa na mtu asiyejulikana, nusu zimekatwa mwisho, majina yamekosewa. Ndipo unaposikia wimbo ule ule kila Ijumaa.

Na tukumbuke kwamba wimbo mrefu wa redio nao ulikuwa na zama zake. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika tatu. Shairi refu lilikatwa beti, au liligawiwa pande mbili. Mkanda wa studio ndio uliokuja kuwapa wanamuziki nafasi ya kupiga redioni kama walivyokuwa wakipiga ukumbini. Kilichopotea ni nafasi hiyo, na nafasi inaweza kuombwa irudi.

Iombe hivi. Usipige simu kusema "tuwekeeni taarab ya zamani", kwa sababu utawekewa ule ule wa kila siku. Taja maneno ya mwanzo ya wimbo, kikundi, na mwimbaji kama unamjua. Andika kwa mkuu wa vipindi, siyo kwa mtangazaji, kwa sababu mtangazaji hana amri ya ratiba. Omba kipindi kimoja kwa wiki, usiku baada ya taarifa ya habari au alfajiri, saa ambazo matangazo ni machache na wimbo kamili hauwagharimu kitu. Kama una nakala safi, ipeleke pamoja na barua.

Gari yangu imetoka Japani. Redio yake inashika vituo viwili tu na haivuki 90. Nimebadilisha antena mara mbili, hakuna kitu. — Dereva, Fuoni

Antena haina kosa. FM ya Japani ilipangiwa megahezi 76 hadi 90, na yetu ni 88 hadi 108, kwa hiyo mnakutana kwenye kipande cha 88 mpaka 90 tu. Magari mapya kidogo yanafika 95.

Unahitaji kile kidude cha kushusha masafa, kinachokaa baina ya waya wa antena na redio na kupata umeme wa volti 12 kutoka waya wa redio yenyewe. Kabla ya kulipa, soma namba iliyoandikwa juu yake. Cha 14 kinaleta kipande cha 90 mpaka 104: kituo cha 96.8 utakiona kwenye 82.8. Cha 20 kinaleta kuanzia 96 kwenda juu, na kile cha 96.8 kitasoma 76.8, lakini vituo vya baina ya 90 na 96 umevikosa vyote. Kwa hapa Unguja chukua cha 14. Ukisikia vituo viwili vinazungumza pamoja karibu na 88, ni kituo cha asili kinachopenya bila kushushwa. Sogeza kidude mbali na redio na ukaze pini ya antena. Waya wa umeme wa kidude ukiunganishwa na waya usiokatika gari ikizimwa, betri itakuwa tupu asubuhi.

Nyumbani kwetu usiku redio inashika Mombasa na Tanga kama wako jirani, lakini vituo vya mjini Unguja vinakwaruza au havipo kabisa. Sisi si Zanzibar? — Micheweni

Mawimbi ya FM hayaulizi serikali, yanauliza umbali na vilima. Kutoka Micheweni hadi Mjini Unguja kwa mstari wa moja kwa moja ni karibu kilomita 150, na njia inapita juu ya vilima vya Pemba. Mombasa iko kama kilomita 100 kutoka kwenu, na njia karibu yote ni maji.

FM husafiri kidogo tu kupita upeo wa macho. Hesabu yake ni hii: chukua kimo cha mnara kutoka usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, fanya hivyo hivyo kwa antena yako, jumlisha, kisha zidisha kwa 4.12. Mnara ulio mita 150 juu ya bahari na antena iliyo mita 10 unapata kilomita 63 hivi. Kwa hesabu hiyo hata Mombasa isingefika kila siku. Inafika kwa sababu usiku wa shuwari, hewa kavu yenye joto hulala juu ya hewa baridi yenye unyevu iliyogusana na bahari, na baina ya tabaka hizo mawimbi hupinda yakafuata maji badala ya kupotea angani. Upepo ukianza kuvuma tabaka zinachanganyika na vituo vinaondoka.

Kwanza hakikisheni kama kituo mnachokitaka kina mtambo wa kurushia Pemba kwa namba nyingine ya masafa. Watu wengi wanaendelea kutafuta namba ya Unguja. Kama kipo lakini ni dhaifu, tengenezeni antena. Gawanya 142.5 kwa namba ya kituo, utapata urefu wote kwa mita. Kwa 98 ni mita 1.45, yaani mikono miwili ya shaba ya sentimita 73 kila mmoja, ikiachana sentimita mbili katikati. Mkono mmoja unganisha na uzi wa kati wa waya wa antena ya televisheni, mwingine na wavu wake. Pandisha juu ya mlingoti wa mita sita mpaka nane, ubavu wa antena ukitazama upande wa mnara, siyo ncha. Jaribu ikiwa imelala kisha ikiwa imesimama, kwa kuwa vituo havirushi kwa namna moja. Viungo vyote vifunike kwa silikoni. Chumvi ya bahari hugeuza shaba kijani, na antena ambayo imeanza kushika vibaya baada ya masika mbili aghalabu imeoza pale pale kwenye kiungo.

Na kwa habari za karibu mnayo Redio Jamii Micheweni, ambayo haihitaji mlingoti wowote.

Redio ya babu, ya mbao, yenye masafa mafupi na ya kati, inakwaruza ukigusa kitufe cha sauti, na mchana haishiki kitu. Je, inafaa kutengenezwa? — Makunduchi

Inafaa. Lakini tazama nyuma kwanza. Ukiona taa za kioo (valvu) ndani, usiichomeke kwenye umeme: ina zaidi ya volti 200 ndani yake, na umeme huo hubaki hata baada ya kuizima. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua taa, na atabadilisha kapasita zilizokauka kabla ya jambo lolote. Kama ni ya betri, kwaruzo la kitufe linaondoka kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme: pulizia ndani ya kitufe kwenye tundu lake, kizungushe mwanzo mpaka mwisho mara ishirini. Usitumie mafuta ya kula wala ya cherehani. Sehemu za betri zikiwa na unga wa kijani au mweupe, futa kwa siki kidogo, kisha maji kidogo, kisha kausha kabisa.

Ukimya wa mchana ni kitu kingine. Mchana tabaka la chini la anga hunyonya masafa ya kati, jua likizama linaondoka na vituo vya mbali vinarudi. Hapo hakuna cha kutengeneza. Lakini siku hizi adui mkubwa yuko ndani ya nyumba: balbu za LED, chaja za simu, na vidhibiti vya sola. Zima umeme wa nyumba nzima kwa dakika moja, redio ikiwa kwenye betri. Kelele ikikoma, washa kimoja kimoja mpaka umjue mwenye makosa. Kisha geuza redio yenyewe taratibu, maana fimbo nyeusi iliyo ndani, ambayo ndiyo antena ya masafa ya kati, inasikia kwa ubavu na haisikii kwa ncha. Wale waliozoea kutafuta redio ya Zanzibar kwenye kilohezi 11735 za masafa mafupi, iliyorushwa kutoka Dole, Unguja, wanajua kwamba mita saba nane za waya mwembamba kutoka dirishani hadi mnazini zilikuwa zinatosha.

Nimerithi santuri nzito za zamani. Nizisafishe kwa spiriti? — Mkunazini

Hapana, usithubutu. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka kwenye spiriti, na maandishi utayafuta pamoja na wimbo. Maji safi kidogo yenye tone la sabuni ya maji, kitambaa laini kufuata mkondo wa mistari, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha kausha mara moja. Usizipige kwa sindano ya santuri za plastiki. Ni nyembamba mno, inakwenda kwenye kina cha mfereji na kusoma uchafu. Sindano pana ya 78 inauzwa peke yake. Zihifadhi zimesimama wima. Zikilazwa rundo, ya chini hupasuka.

Sisi ni vijana wa Mkoani. Tumeahidiwa saa moja kwa wiki kwenye redio ya jamii kupiga nyimbo za zamani. Tuanzie wapi? — Kikundi cha vijana, Mkoani

Anzeni na karatasi. Saa moja hewani siyo dakika 60 zenu: toeni matangazo ya jamii na ya vifo, utambulisho wa kituo na taarifa fupi, mtabaki na 50 hivi. Nyimbo nne za dakika tisa au kumi zinachukua 38. Dakika 12 zilizosalia ni za maneno, na kwa kipindi cha namna hii hizo ndizo zenye thamani: nani aliimba, kikundi gani, nani alipiga ganuni, shairi linazungumza nini. Msijaze nyimbo saba. Mtalazimika kuzikata, na mtakuwa mmerudia kile kile wazee wanachokilalamikia.

Ikibidi kukata, kateni mwisho wa ubeti, baada ya kiitikio, na mfifishe sauti kwa sekunde nane mpaka kumi juu ya kipande cha ala. Msikate katikati ya ubeti hata kama saa imefika. Fumbo la taarab mara nyingi linafunguka kwenye mshororo wa mwisho, na msikilizaji aliyenyimwa mshororo ule amesikia nusu ya shutuma au nusu ya pongezi. Msizungumze juu ya bashraf. Wapigaji wamo ndani ya muziki ule.

Upande wa ufundi kuna mitego miwili. Nyimbo za zamani ziko chini kwa sauti kuliko za sasa. Zisawazisheni zote kabla ya kipindi ili fundi wa zamu asipandishe na kushusha ovyo, lakini msizibane mpaka ngoma ya dumbak na fidla ziwe sawasawa. Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Nakala nyingine zina njia mbili zilizopingana, moja imegeuzwa. Kwenye hedifoni wimbo uko sawa, lakini kwenye redio ndogo ya spika moja njia mbili zinauana na mwimbaji anatoweka, inabaki mwangwi. Kila wimbo usikilizeni kwa njia moja kabla ya kuupeleka. Mkiona sauti imetoweka, geuzeni njia moja juu chini kwenye programu, au tupeni njia moja na mbakie na iliyo bora.

Idhini isiachwe mpaka mwisho. Vikundi vikubwa vipo na viongozi wake wapo, nendeni mkawaambie. Kwa haki za nyimbo, COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ndipo pa kuuliza, na kituo chenu kinapaswa kuwa na maelewano nayo kabla yenu. Kupiga redioni na kupandisha mtandaoni ni mambo mawili tofauti, idhini ya moja haibebi nyingine. Kwa majina na miaka, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kule Unguja kina walimu wanaozijua ala na mitindo, na Nyaraka za Taifa za Kilimani zinafaa kwa magazeti na ratiba za zamani.

Faili zenu zipeni majina ya namna moja tangu siku ya kwanza: kikundi, mwimbaji, maneno ya mwanzo ya wimbo, chanzo cha nakala, na upande wa kanda. Msichokijua andikeni "hajulikani", msikisie, kwa sababu kisio la leo likishatajwa hewani litanakiliwa na kila mtu. Na msikilizaji akipiga simu na jina la mpiga fidla mlilolikosa, liandikeni siku hiyo hiyo kwenye faili, pamoja na jina la kijiji alichopigia.